Kabla ya Kulipa Ada ya Kozi ya Ukufunzi wa Mbwa

Wengi wanaotaka kuingia katika kazi ya kufundisha mbwa huanza na swali la cheti: kipi kinatambulika, kipi kina uzito. Sisi tulio ndani ya kazi hii tumejifunza kuanza kwingine. Kozi itakupa saa ngapi ukiwa umeshika kamba mwenyewe, mbele ya mbwa ambaye bado hajafundishwa, huku mtu mwenye ujuzi akikutazama na kukusahihisha papo hapo? Uliza hilo kwanza, na usiridhike na jibu la juu juu.

Kazi hii haina mlango rasmi. Uingereza na Marekani mtu yeyote anaweza kujiita mkufunzi wa mbwa leo na kuanza kupokea wateja kesho. Ujerumani ni tofauti: tangu Agosti 2014 sheria yao ya ulinzi wa wanyama inamtaka anayefundisha mbwa wa watu kwa malipo awe na kibali cha serikali, na ofisi ya mifugo humpima maarifa yake kabla ya kumpa. Pasipo na kibali cha namna hiyo, soko la kozi hujaa kila kitu, kuanzia programu nzito ya miaka miwili hadi video za mwisho wa wiki moja zinazomalizika kwa karatasi yenye muhuri wa dhahabu na neno "bingwa".

Amua kwanza ni mbwa gani unataka kufanya nao kazi, maana njia zinaachana mapema. Anayetaka mbwa wa polisi au wa hifadhi hanunui kozi, anaajiriwa kwanza. Tanzania, Jeshi la Polisi lina Kikosi cha Mbwa na Farasi. Kenya, polisi na Shirika la Huduma za Wanyamapori, KWS, wana vitengo vyao vya mbwa. Usa River, nje kidogo ya Arusha, African Wildlife Foundation imekuwa ikiwafundisha mbwa wa kunusa pembe za ndovu na faru pamoja na waongozaji wao, na waongozaji hao hutoka katika mamlaka za wanyamapori. Ukikutana na tangazo la mtandaoni linaloahidi kukufanya mwongozaji wa mbwa wa kunusa mabomu kwa wiki sita ukiwa sebuleni kwako, lipite.

Kampuni za ulinzi zenye vitengo vya mbwa ni mlango mwingine, na hatuudharau. Huko utajifunza kusafisha banda, kulisha kwa ratiba, kumtambua mbwa anayeumwa kabla hajaacha kula, na kumshika German Shepherd wa kilo 35 bila kutetemeka. Saa za kuwa karibu na mbwa ni nyingi kuliko kozi yoyote ya kulipia. Ila mbwa wa lindo hufundishwa kubweka, kutisha na kukamata, na mara nyingi kwa cheni inayobana shingo. Ukienda na ujuzi huo peke yake kwa familia yenye mtoto wa mbwa wa wiki kumi anayeng'ata vidole vya watoto, utaharibu. Tunayoyasema kuanzia hapa yanamhusu anayetaka kufundisha mbwa wa nyumbani, kwa sababu huko ndiko kazi ya kulipwa inakopatikana bila kusubiri kuajiriwa.

Sasa turudi kwenye saa za mikononi. Chukua ada ya kozi uigawe kwa saa za kusimamiwa, yaani saa ambazo mwalimu anakuona ukifanya, ana kwa ana au kupitia video uliyojirekodi kisha akakujibu kwa maandishi au sauti. Tuseme kozi moja ni shilingi 120,000 za Kenya na ina saa 6 za kusimamiwa: kila saa imekugharimu 20,000. Nyingine ni 200,000 na ina saa 40: kila saa ni 5,000. Ya pili ndiyo rahisi, ingawa tangazo la kwanza ndilo linalovutia mfuko. Saa za kutazama video zao usizihesabu hata moja, kwa kuwa makosa ya mkufunzi mpya yako kwenye viungo vyake na hayaonekani kwa kutazama mwingine.

Makosa yenyewe ni haya. Mkono unakwenda kwenye mfuko wa kiunoni wenye chakula kabla ya klika kulia (kidude cha mkononi chenye mlio mfupi wa kumwambia mbwa amepatia), na mbwa anajifunza kutazama mkono badala ya kusikiliza klika. Klika inachelewa nusu sekunde: ulitaka kulipia makalio yaliyogusa chini, umelipia kuinuka. Neno la amri linatamkwa mara nne, "keti, keti, keti, we keti!", na mbwa anajua kwamba la kwanza halihesabiki. Chakula kinaachwa kionekane mkononi muda mrefu mno. Kumwongoza mbwa kwa kipande cha nyama puani ni sawa kwa mara tatu hadi sita za mwanzo, kisha mkono ufanye ishara ileile ukiwa mtupu na chakula kitoke mfukoni baadaye. Usipofanya hivyo, unazalisha mbwa anayekagua mkono kwanza ndipo aamue kutii. Na vipande vinakatwa vikubwa. Ukubwa wa njegere unatosha kwa mbwa wa kadiri, nusu yake kwa mdogo, maana mwanzoni unaweza kulipa mara 10 hadi 15 kwa dakika, na mbwa akishashiba somo limeisha. Maini yaliyochemshwa, yakakaushwa kidogo kwenye kikaango na kukatwa vipande, ni bora kuliko biskuti nyingi za dukani.

Mwalimu mzuri huona haya yote ndani ya dakika mbili za video. Kwa hiyo uliza: je, kazi zangu za video zitatazamwa na nani, na majibu yanarudi baada ya siku ngapi? Uliza pia mbwa wa mazoezi ni nani. Shule nyingi huwa na mbwa wao waliokwisha kufundishwa, na ukimwambia keti, anaketi. Mwanafunzi hutoka pale anajiona fundi. Mbwa wa namna hiyo husamehe kila kosa lako, kwa sababu ujuzi ni wake. Kozi ikulazimishe kumfundisha angalau mbwa mmoja asiyejua kitu, tangu mwanzo hadi tabia isimame mbele ya watu, pikipiki na mbwa wengine, na ikulazimishe kuandika hesabu. Kanuni inayotumika sana ni ya majaribio matano: mbwa akipata 4 au 5, ongeza ugumu, akipata 3, rudia hapohapo, akipata 2 au chini yake, rudi hatua moja. Anayefundisha bila kuhesabu huongeza ugumu kwa hisia zake, na hisia huwa na haraka kuliko mbwa.

Ukitaka kujipima kabla hujalipa senti, tafuta kuku. Hatutanii. Keller na Marian Breland, wanafunzi wa mwanasaikolojia B. F. Skinner, waliifanya sayansi ya kujifunza kuwa kazi ya kufundisha wanyama wa kila aina, na Bob Bailey, aliyefanya kazi nao Hot Springs, Arkansas, aliendesha kwa miaka mingi kambi ambazo wakufunzi wa mbwa kutoka nchi mbalimbali walikwenda kufundisha kuku. Kuku ana kasi, hakupendi, hakusamehi, na ukimlazimisha anaondoka. Weka juu ya meza vifuniko viwili vya chupa, kimoja chekundu na kimoja cha buluu. Shika kikombe cha mtama. Kila anapodonoa chekundu, toa ishara ya sauti fupi papo hapo, kisha mpe kikombe adonoe mara moja au mbili na ukiondoe. Anapodonoa cha buluu, hakuna kinachotokea. Ishara ikichelewa, kuku atakuonyesha kwa kuanza kudonoa meza. Kuku wa kienyeji wanapatikana kila kijiji, kwa hiyo sehemu ya mafunzo ambayo wengine waliifuata Arkansas unaweza kuianza uani kwenu.

Ushahidi mwingine uko Morogoro. APOPO, ndani ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, huwafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu kwa njia hiyohiyo: mlio wa klika, kisha chakula, ndizi ikiwemo. Mafunzo ya panya wa mabomu huchukua takriban miezi tisa. Magawa, aliyezaliwa Tanzania na kufanya kazi Kambodia, alipewa medali ya dhahabu ya shirika la Uingereza la PDSA mwaka 2020. Hakuna aliyewahi kumvuta panya kwa cheni hadi akanusa bomu. Anayekuambia kwamba mbwa hafundishiki bila maumivu akaeleze panya wale wanafundishikaje.

Hapo tumefika kwenye njia ya kufundisha, na hapo hatuna uvumilivu mwingi. Jean Donaldson, aliyeanzisha The Academy for Dog Trainers mwaka 1999 huko San Francisco, amewashauri wenye mbwa wamuulize kila mkufunzi mambo matatu: mbwa akipatia, kitatokea nini hasa, akikosea, kitatokea nini hasa, na je, kuna njia nyepesi zaidi ya hiyo? Uliza shule maswali hayohayo kwa maandishi. Jibu kama "tunatumia njia zenye mizani" au "tunazungumza na mbwa kwa nguvu ya ndani" si jibu. Unataka kusikia vitu vinavyoonekana: kipande cha chakula, mpira, mlango kufunguliwa; na upande wa kukosea, kunyimwa zawadi, kupunguza ugumu, kusogea mbali na kinachomtisha. Wakitaja kola ya umeme, ya miiba au kunyanyuliwa kwa cheni, basi umejua. Wales ilipiga marufuku kola za umeme mwaka 2010, na chama cha Marekani cha madaktari wa wanyama wanaoshughulikia tabia, AVSAB, kilitoa msimamo mwaka 2021 kwamba njia za zawadi ndizo zitumike kwa mafunzo yote ya mbwa, hata wenye matatizo ya tabia.

Pitia mtaala ukitafuta neno "alfa", yaani kiongozi anayetawala kundi. Dhana ya mbwa anayetaka kututawala ilitokana na mbwamwitu waliofungiwa pamoja bila kuwa ndugu, waliotazamwa na Rudolf Schenkel na kuandikwa mwaka 1947. David Mech, mtafiti wa mbwamwitu aliyesaidia kuieneza dhana hiyo, aliisahihisha mwenyewe mwaka 1999: porini kundi ni familia, wanaoongoza ni baba na mama. Shule inayokufundisha leo kula kabla ya mbwa wako na kumlaza chali ili "ajue nani mkubwa" imechelewa, na zaidi ya kuchelewa, itakupeleka kuumwa. Mbwa anayelazwa chali kwa nguvu anaogopa, na mbwa anayeogopa asipokuwa na pa kukimbilia hutumia meno.

Ndiyo maana somo la lugha ya mwili wa mbwa haliwezi kuwa video moja ya dakika kumi. Kulamba midomo pasipo chakula, kupiga miayo asiyechoka, kugeuza uso huku weupe wa jicho ukionekana, kufunga mdomo ghafla, kuganda: hizi huja kabla ya kunguruma, na kunguruma huja kabla ya kuuma. Mwanafunzi afundishwe asiadhibu mngurumo. Ukiuzima, unabaki na mbwa anayeuma bila onyo. Mtaala uwe pia na kipindi cha watoto wa mbwa, tangu wiki ya 3 hadi ya 12 au 14, wanapojifunza kipi ni cha kawaida duniani. Na uwe na kikomo cha kazi, yaani siku ya kusema mbwa huyu kwanza aende kwa daktari wa mifugo. Mbwa mtulivu aliyeanza kuuma ghafla akiguswa kiunoni huenda ana maumivu, na hakuna zoezi la klika litakalomponya.

Kuhusu meno yenyewe: kwa nchi zetu, kozi isiyotaja kichaa cha mbwa ina pengo. Chanjo ya kujikinga kabla ya kuumwa ni dozi mbili, siku ya kwanza na siku ya saba baada yake, kwa ratiba ya Shirika la Afya Duniani ya 2018. Ukiumwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda hospitali hata kama ulichanjwa, kwani bado unahitaji dozi za nyongeza. Chanjwa kabla ya kuanza kujitolea kwenye makazi ya mbwa waliookotwa.

Sehemu inayosahauliwa na watunga kozi wengi ni binadamu. Mkufunzi wa mbwa wa nyumbani hukaa na mbwa saa moja kwa wiki. Saa zilizobaki mbwa yuko na watu wake. Na watu hao ni nani? Nairobi au Dar es Salaam, mara nyingi anayelipa ni mwenye nyumba, ilhali anayemlisha mbwa na kumfungulia usiku ni mlinzi au dada wa kazi. Ukimfundisha bosi peke yake, umefundisha mtu asiye na mbwa. Kozi nzuri hukupa mazoezi ya kueleza jambo moja kwa wakati, kumpa mtu kamba, kunyamaza, na kumsifu anapopatia kabla ya kumsahihisha. Kozi za ng'ambo hazitakufundisha kwamba mlinzi atakuitikia "sawa, mkubwa" hata kama hajaelewa, kwa heshima tu. Mwambie akuonyeshe: "Kaka, hebu nifanyie wewe, mimi nitazame."

Maneno ya amri nayo yanataka kufikiriwa. "Kaa" kwa Kiswahili ni kuketi na pia ni kubaki. Mama anasema "kaa" akitaka mbwa aketi, baba anasema "kaa" akitaka asiondoke, na mbwa anaonekana mkaidi. Chagua "keti" kwa kuketi na "tulia" kwa kubaki, uyaandike kwenye karatasi jikoni, nyumba nzima iyafuate. Pwani kuna jambo jingine la heshima. Kwa familia nyingi za Kiislamu mate ya mbwa ni najisi, na wafuasi wa Shafi huosha kilichoguswa mara saba, moja kwa udongo. Mbwa wa lindo yupo, lakini lazima asilambe mtu. Mkufunzi anayejua kazi atatupa chakula chini badala ya kukitoa kiganjani, na jambo la kwanza kumfundisha mbwa litakuwa kubaki kwenye mkeka wake hatua kadhaa kutoka mlangoni hadi mgeni apite.

Vyeti sasa, kwa ufupi, kwa kuwa viko vya aina tatu na huchanganywa. Cha kuhudhuria kinasema ulikuwepo. Cha shule kinasema ulifaulu vipimo vya shule hiyo, na uzito wake ni uzito wa vipimo: The Academy ni programu ya miaka miwili kwa mbali, yenye video za mwanafunzi kukaguliwa, Karen Pryor Academy huunganisha masomo ya mtandaoni ya takriban miezi sita na warsha za ana kwa ana. Cha tatu hutolewa na taasisi isiyofundisha. CCPDT ya Marekani, iliyoanzishwa 2001, hudai uwe na saa 300 za kufundisha ndani ya miaka mitatu kabla hujafanya mtihani wa cheti chake cha CPDT-KA, na cheti huhuishwa kila miaka mitatu kwa masomo ya kuendelea. Piga hesabu: saa nne kwa wiki, ni wiki 75, kama mwaka na nusu. Anza kuziandika tangu siku ya kwanza, tarehe, mbwa, ulichofundisha na nani alikusimamia.

Kozi ya ng'ambo ina gharama zisizoandikwa kwenye tangazo. Darasa la moja kwa moja linaloanza saa mbili usiku New York ni saa tisa usiku kwetu majira yao ya joto, na saa kumi alfajiri wakati wa baridi yao. Hakikisha yanarekodiwa, na kwamba kukosa kuwepo hakukupunguzii alama. Kupakia video ya dakika tano hula bando. Ada ni kwa dola, na ikilipwa kwa awamu, kila awamu inakuja na bei mpya ya dola. Warsha ya lazima ya ana kwa ana ina maana ya viza na tiketi. Soma masharti ya kurejeshewa pesa ukiwa hujalipa.

Njia tunayoipendekeza kwa wengi ni mchanganyiko: nadharia kutoka shule ya mbali inayokagua video, mikono kutoka hapa nyumbani. Jitolee kwenye makazi ya mbwa. Nairobi kuna KSPCA, shirika la kulinda wanyama, na miji mingine ina mashirika madogo ya uokoaji ambayo hayana mikono ya kutosha. Mbwa waliookotwa hawajafundishwa na ni wa kila tabia, kwa hiyo ndio walimu unaowahitaji. Tafuta mkufunzi wa jirani na uombe kutazama darasa lake moja bila mbwa wako. Angalia mikia na masikio ya mbwa wanapoingia: wanavuta kuelekea ndani, au wanaburuzwa? Akikukatalia kutazama, tafuta mwingine.

Kisha, kabla ya kutuma ada, fanya hivi. Chagua mbwa mmoja asiyejua kitu, mfundishe kwenda kwenye mkeka na kulala hapo, dakika tano asubuhi na tano jioni kwa wiki nne, na jirekodi kwa simu iliyoegemezwa kwenye tofali. Kata dakika mbili za siku ya kwanza na dakika mbili za siku ya mwisho, uzitume kwa shule mbili au tatu unazozifikiria, ukiuliza: mimi nakosea wapi? Wengine watakutumia kiungo cha kulipia. Anayekujibu kwamba kwenye sekunde ya 14 mkono wako uliingia mfukoni mapema, na kwamba mbwa alilamba midomo ulipoinama juu yake, ndiye wa kujadiliana naye ada.